Mama Kutu Akataa Kusaini

Jina la Mama Kutu alipewa na watu wa gatini, naye hakulikataa. Kutu ya minyororo ilikuwa imemwingia kwenye mistari ya viganja, haikutoka kwa sabuni wala kwa mafuta ya taa. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa kibarua wa maboya: kuyakwangua uchafu wa baharini, kuyapaka rangi, kubadilisha minyororo, na kumimina zege la kuyashikilia chini. Mwaka wa ishirini ndipo alipothibitishwa kazini kuwa mtunza maboya. Mumewe, fundi cherehani, aliitia barua ya kuthibitishwa kwenye fremu na kuitundika ukutani juu ya cherehani.

"Wateja wajue humu ndani kuna mtumishi wa umma," alisema.

"Mtumishi gani ananuka rangi hivi?" mkewe alimjibu, lakini kila alipopita aliitupia jicho barua yake.

Maboya yalikuwa sita, yamepangwa katika mlango wa bahari, ule mfereji mwembamba kati ya bara na kisiwa. Pande zote mbili za mlango watu waliishi kwa jenereta moja chakavu, iliyowashwa jioni na kuzimwa kabla watoto hawajamaliza kuandika kazi za shule. Kwa hiyo waliposikia kwamba anakuja mhandisi kupima nguvu za mkondo, ili ikifaa ziwekwe chini ya maji mashine za kuzungushwa na mkondo zitoe umeme, hakuna aliyeuliza mara mbili.

Mhandisi alifika na masanduku saba. Katika moja mlikuwa na kifaa chenyewe, kinene kama sufuria ya shughuli, cha rangi ya chungwa, kina macho manne yanayotazama juu. Kilitakiwa kikae chini ya bahari siku kumi na tano, kisikilize maji yanavyopita, siku za maji mafu, yanapotembea kidogo, na siku za bamvua, yanapojaa na kupwa kwa nguvu, kisha kitolewe kisomwe.

Boti ya maboya ndiyo iliyompeleka. Nahodha wake alikuwa shemeji yake Mama Kutu, aliyemwoa mdogo wake, na gati zima lilimwita Shemeji.

"Nipeleke katikati ya mlango," Mhandisi alimwambia, "mahali ambapo boti itatulia nishushe kifaa vizuri."

Hapo ndipo kosa lilipozaliwa. Ukimwambia nahodha yeyote wa mlango ule kwamba unataka boti itulie, mikono yake inakata usukani yenyewe kuelekea nyuma ya mwamba mkubwa. Hapo baba zao walitia nanga, na wao wanatia nanga, wanakula, wanajinyoosha. Wenyewe wanapaita Kitandani.

Mama Kutu alikuwa nyuma ya boti akikunja kamba. Alisimama.

"Mhandisi, hapa siyo. Hapa maji yamelala."

Mhandisi alitazama ramani yake. "Mama, kina ni kile kile. Na upana wa mlango hapa ni ule ule."

"Kina ni kile kile, lakini huo mwamba unaokinga mkondo umeusahau. Shemeji, mwambie!"

Shemeji alikohoa, akaanza kuchunguza kipimo cha mafuta kana kwamba ndiyo kwanza amekiona siku hiyo. Kifaa kikashushwa.

Siku kumi na tano zikapita. Kifaa kilitolewa asubuhi, siku ya bamvua, kikaunganishwa na kompyuta katika ofisi ya Mkuu wa Gati, chumba chenye meza mbili, kabati la chuma lisilofungika na feni ya mapambo. Mhandisi alisoma, akavua miwani, akasoma tena. Mkondo wenye nguvu kuliko yote ulikuwa nusu mita kwa sekunde. Mashine zilihitaji mita mbili.

"Mlango huu haufai," alisema kwa huruma. "Nitaandika hivyo. Sidhani kama watapima tena hapa."

Ilibaki fomu moja. Kipengele cha saba kilisema kwamba mahali kifaa kilipowekwa panawakilisha mkondo wa mlango mzima, na chini yake palitakiwa saini ya mtunza maboya. Mkuu wa Gati, mwanamume wa shati lililopigwa pasi hadi mikunjo ikasimama, aliisukuma fomu mezani.

"Saini hapo, Mama Kutu, mgeni awahi safari."

Alisoma polepole, midomo ikicheza. Akairudisha.

"Sisaini."

"Unasemaje?"

"Nasema sisaini, mzee. Hii karatasi inasema uongo."

Mkuu alicheka kidogo, kicheko cha mtu anayemwogopa mgeni. "Huyu mwenzako amesomea haya mambo. Wewe umesomea nini?"

"Mimi nimesoma mpaka darasa la saba, na kusoma huko ndiko kunakonifanya nijue kilichoandikwa hapa." Alimgeukia Mhandisi. "Boya la kwanza nabadilisha mnyororo wake kila baada ya miaka minne. La tatu halimalizi mwaka na nusu. Chuma ni kile kile, duka ni lile lile. Nani anaula?"

Mhandisi aliivuta ramani yake, akalitafuta boya la tatu.

"Mama Kutu," Mkuu alisema, sasa bila kicheko, "kuthibitishwa kazini kunaweza kutenguliwa. Umenielewa?"

Alimwelewa sana. Aliiona fremu ile ikishushwa ukutani, na doa jeupe litakalobaki.

"Tengua, mzee. Lakini jina langu halikai chini ya maneno hayo. Watu wa huku wataambiwa bahari yao haina nguvu, na aliyeshuhudia ni mimi? Nitapita njia gani?"

Alinyoosha kidole dirishani, kuelekea mlango wa bahari.

"Saa saba mchana maji yatakuwa yanajaa kwa nguvu zote," aliendelea. "Mhandisi, njoo na saa yako. Kama mimi ni mwongo, nitasaini fomu yako mara mbili."

Mhandisi alitazama masanduku yake yaliyokwisha fungwa, kisha mikono ya yule mama. "Saa saba," alisema.

Kwenye boti Shemeji alianza kulalamika kabla injini haijapata moto.

"Dada, unanitia aibu mbele ya wageni. Ni mimi niliyewapeleka pale."

"Aibu unayo tangu harusi yako, uliposahau pete. Endesha."

Walipotokeza kwenye boya la tatu, boya halikuonekana. Mhandisi alidhani limekatika. Mama Kutu alimwonyesha kwa kidole: chini ya maji, kiasi cha mkono mmoja, kile kichwa chekundu kilikuwa kimevutwa na mkondo, kikitetemeka, na juu yake maji yamevimba kama shuka iliyofunika mtu. Boti yenyewe, injini ikinguruma, ilikuwa haisogei mbele hata hatua.

"Hapa hamletagi boti?" Mhandisi alipaza sauti.

"Aje kutafuta nini mtu mwenye akili?" Shemeji akajibu, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akacheka.

Kati ya boya la tatu na la nne palikuwa na mita mia tatu kamili. Mama Kutu mwenyewe alizipima walipoyapanga upya. Alikuwa na madumu matatu ya lita tano, amejaza maji nusu ili yazame mpaka shingoni yasisukumwe na upepo. Alirusha la kwanza. Mhandisi alibonyeza saa, na Shemeji akaiachia boti iteremke sambamba na dumu. Sekunde mia moja na kumi. La pili, mia moja na kumi na mbili. La tatu, mia moja na nane.

Mhandisi alipiga hesabu kwenye kiganja chake, kwa kalamu. Mita mbili na zaidi ya nusu kwa sekunde.

"Madumu hayatoshi kuandikia ripoti," alisema, akiwa amelowa mpaka kifuani. "Lazima kifaa chenyewe kishuke hapa. Na hapa hakuna nanga yangu itakayokishikilia."

"Uzani wa nanga zako naujua, nimezibeba. Kwenye ua wa gati kuna zege la akiba, tani mbili, nimelimimina mwenyewe. Kifunge juu yake. Kesho maji yakisimama tunalishusha kwa winchi ya boti."

Jioni ile Mhandisi alipiga simu kwa wakubwa zake, akasimama nje ya ofisi ya gati muda mrefu akisema "ndiyo" na "najua" na "hapana, siji". Mkuu wa Gati alikuwa ameshapeleka habari juu kwamba kazi imekwisha. Alipofunga ofisi na kuondoka, hakumuaga mgeni wake.

Kifaa kilikaa siku nyingine kumi na tano. Kilipotolewa, kilisoma mita mbili na nusu siku za bamvua, na hata maji mafu yalipita mita moja. Mhandisi aliandika fomu mpya. Mama Kutu aliisoma yote, akauliza maana ya neno moja, akasaini.

"Na ile ya zamani pia," Mkuu alisema, "kwa ajili ya faili."

"Ile sisaini hata leo, mzee."

Wiki hiyo hiyo aliletewa barua ya onyo: kumbishia mkubwa wake mbele ya mgeni. Aliisomea palepale kwenye meza ya karani. Palikuwa na mstari wa kuonyesha kwamba mhusika amekubali kosa. Akaandika: *Nimeipokea. Siikubali.*

"Mama, hapo panatakiwa saini tu," karani alinong'ona.

"Nafasi ya maneno ilikuwepo," alisema, akamrudishia kalamu yake, akateremka gatini. Boya la tano lilikuwa linamsubiri, halijapakwa rangi.