Mbwa aliyewarukia wenye adabu tu: nilivyokaa na Kastori, Kamina, miaka ya hamsini

Wakuu, najua wengi humu ni umri wa wajukuu zangu, kwa hiyo marahaba zenu nawapa mapema kabla hamjaniamkia.

Naandika kwa kidole kimoja, mnivumilie. Haya yalinitokea mimi mwenyewe. Nilichosahau nitasema nimesahau, kuliko kuwatungia.

Juzi kuna ndugu hapa jukwaani kaandika kwamba mbwa aliyemchukua kwa watu ni mkali, anataka kummaliza. Wengi mkamjibu ammalize tu, mbwa akishakuwa hivyo habadiliki. Nilisoma nikakosa raha siku nzima. Ndiyo sababu ya uzi huu.

Mimi ni mzaliwa wa upande wa Kamina, Kongo, enzi za Wabelgiji. Uzeeni nipo Kigoma kwa binti yangu, ndiyo maana Kiswahili changu kimekuwa mchanganyiko. Ila watu wa wakati ule nitawaacha waongee walivyoongea.

Nilikuwa nimeolewa hata mwaka haujaisha. Mume wangu, Banza, alikuwa mpishi nyumbani kwa mzungu mmoja, msimamizi wa watu wa reli. Mzungu akaugua, akarudishwa kwao Ulaya. Akaacha viti, akaacha sufuria, akaacha na mbwa.

Mbwa huyo aliitwa Kastori. Mkubwa, rangi ya majivu, sikio moja limepasuka. Alishawauma wafanyakazi wawili, na polisi walikuwa wamepanga kumpiga risasi.

Banza akaja nyumbani siku hiyo, hakula. Nikamuuliza ana nini.

"Niliipikia ile imbwa miaka mbili," akasema. "Siwezi kuangalia vile banaiua."

Wakuu, sikufurahi. Nyumba yenyewe chumba na sebule, uwanja mdogo, majirani wamebanana. Nikamwambia kama anataka kulala na mbwa, basi na mimi anirudishe kwetu. Banza alikuwa na kimya kibaya sana, huwezi kugombana nacho.

Tukakubaliana tukae naye kwa muda tu, hadi apatikane mtu wa kumchukua. Polisi nao wakakubali, kwa sharti moja. Akimgusa mtu mwingine yeyote, na mtu huyo akaja kushtaki, mbwa anauawa siku hiyohiyo. Banza akaweka sahihi.

Basi akaletwa, akafungwa kamba kwenye nguzo ya jiko.

Sasa Banza alipata kazi nyingine karakana ya reli, anatoka asubuhi anarudi jioni. Nani anabaki na mbwa? Mimi ambaye sikumtaka.

Nikawa namwangalia. Siku nyingi alikuwa mpole kabisa, analala, anafukuza nzi. Kuku wanapita mbele ya pua yake, hashughuliki. Mlevi mmoja wa mtaani aliingia uwanjani kwetu na matusi yake yote, akajikwaa hadi kwenye mkia wa mbwa. Kastori akamtazama tu.

Lakini akija mtu mwenye heshima zake, mama wa kanisani, au jirani mtulivu, mbwa anaruka hadi kamba inamkaba. Nikawa najiuliza ni mbwa gani huyu anachukia watu wazuri. Jirani mmoja alisema ana pepo. Nilikaribia kumwamini.

Sasa sikilizeni kosa langu, maana hili ni langu, si la Banza.

Wiki moja ikapita bila mgeni, mbwa katulia, nikamwonea huruma shingo yake ilivyochubuka. Nikamfungua. Siku hiyohiyo baba yangu akafika.

Baba alikuwa mkulima upande wa Kaniama. Alikuja na lori la mahindi, mara yake ya kwanza kuja kuona ninavyoishi. Alivaa koti lake la misa. Banza alikuwa nyumbani, ilikuwa Jumapili.

Kwetu Waluba, mkwe hamsalimu baba wa mkewe kwa kumpa mkono kama anasalimia rafiki. Anachuchumaa, anainamisha kichwa, anapiga makofi ya taratibu. Unavyomheshimu zaidi ndivyo unavyoyakaza. Na Banza alitaka kuonekana mkwe mwema.

Akachuchumaa mbele ya baba. Akapiga makofi.

Kastori akatoka jikoni, akampita Banza, akamrukia baba yangu kifuani.

Baba akaanguka chali. Koti likachanika kuanzia bega hadi kiwiko, na mkono ukapata mkwaruzo wenye damu. Banza alimshika mbwa shingoni akamburuta. Mimi nilikuwa nimesimama na kikombe cha maji ya mgeni, sikukumbuka hata kukiweka chini.

Mzee akajiinua mwenyewe. Alikataa nimshike.

"Minyi nilileta mutoto yangu kwa bantu," akasema, yaani mimi nilimleta mtoto wangu kwa watu. "Sikumuleta kwa imbwa."

Hakulala kwetu. Alipofika njiani akageuka.

"Nitarudia kisha mavuno. Nikiikuta ile imbwa na ile tabia, minyi mwenyewe nitaenda kwa polisi. Batayipiga masasi."

Na angekwenda, wampige risasi kweli. Mnajua wazee wa namna ile, akisema kasema. Mkono wake peke yake ulitosha kuwa ushahidi.

Nililia. Sikulia kwa ajili ya mbwa, nisiwadanganye. Nililia kwa sababu baba yangu ameaibika kwangu, na mume wangu alikuwa amekaa kwenye kinu ameshika kichwa, anasema alimsalimu mzee vizuri kabisa.

Siku chache baadaye nilikuwa nachekecha unga wa muhogo. Nikamaliza, nikakung'uta mikono. Pa, pa.

Kastori, aliyekuwa amelala kwenye kamba yake, akasimama wima. Manyoya ya mgongo juu. Akanitazama mimi, akatazama ninakotazama, ukutani, kisha akanirudia mimi.

Hakuwa amekasirika, wakuu. Nimeona mbwa wenye hasira, nazijua sura zao. Huyu alikuwa anasubiri nimwonyeshe mtu.

Nikageukia mti wa mpapai, nikapiga makofi mawili. Akavuta kamba kuelekea mpapai. Nikageukia choo. Akavuta kuelekea choo.

Jioni Banza aliporudi sikumpa hata nafasi ya kuvua viatu.

"Ule muzungu alikuwa anatumaka imbwa namna gani?"

Akafikiri. "Alikuwa anakaaka kwa baraza. Akiona muntu anaokota makaa pembeni ya reli, anapiga makofi mbili, anamuangalia ule muntu. Imbwa inakimbia."

"Na juu ya nini haukuniambia?"

"Sikuwaza." Akaitazama mikono yake. "Ile ilikuwa makofi ya muzungu. Ya sisi iko heshima."

Nikaelewa kwa nini hata yeye, aliyeishi na mbwa huyo miaka miwili, hakuyaunganisha. Kwake hivyo vilikuwa vitu viwili tofauti kabisa. Masikio ya mbwa yalisikia kitu kimoja.

Yule mlevi hakupiga makofi, kwa hiyo alipita salama. Waliokuja na adabu zao, wakasalimu kwa makofi nami nikawajibu kwa makofi nikiwatazama, ndio walioruka uzio.

Basi nikaanza kazi. Nyie siku hizi mna watu wa kuwafundishia mbwa, mimi nilikuwa na samaki wakavu wa Kinkondja, kule ziwani, na ukaidi wangu.

Kila asubuhi napiga makofi kidogo sana, namtupia kipande cha samaki. Mwanzoni alikuwa anamtazama samaki kama hamwoni, macho yanatafuta mtu wa kukimbizwa. Siku ya nne akala. Wiki ya pili, nikipiga makofi ananijia mkia unacheza.

Nikajiona nimeweza. Nikamfungua tena.

Jirani akaja na beseni lake la mahindi, akapiga makofi mlangoni. Kastori akamkimbilia kwa furaha yote, kuomba samaki. Yule mama angejuaje? Alirusha beseni, akapanda juu ya kinu changu, akawa anaita majina ya watakatifu. Mbwa amekaa chini anamtazama, mate yanamtoka.

Niliokota mahindi ya watu hadi mgongo ukauma. Nilicheka baadaye sana, siku ile sikucheka. Angemgusa hata kwa ulimi tu, mama wa watu akashtaki, tungekuwa tumekwisha.

Nikaanza upya. Nikatandika gunia pembeni ya ukuta. Sasa samaki hatoki mkononi mwangu tena, anakuwa kwenye gunia. Makofi, gunia. Makofi, gunia. Akinijia mimi, hapati kitu. Akienda guniani akalala, anapata.

Ilichukua msimu mzima wa mahindi. Kuna siku nilimtukana kwa Kiluba hadi nikaona haya. Kuna siku anarudi nyuma kabisa, anavuta kamba kama siku ya kwanza, nami namwambia Banza kesho ampeleke mwenyewe kwa polisi nimechoka. Kesho yake nachukua samaki naanza tena.

Majirani walinisaidia. Walikuja mmoja mmoja, kwanza wanapiga makofi wakiwa nje ya uzio, halafu mlangoni, halafu ndani. Wengine walikuja kucheka tu, lakini makofi yao nayo yalifaa.

Mavuno yakaisha. Baba akaja, kama alivyosema; habari za makofi na samaki zilishamfikia kupitia watu wa malori.

Alikuwa amevaa koti lilelile. Mama alikuwa ameshona mkono wake kwa uzi mweusi, na koti lenyewe kahawia. Nadhani aliagiza ushonwe hivyo makusudi.

Banza alikuwa ameshamfunga mbwa. Baba akaingia, akatazama kamba.

"Mufungule."

"Tata mukwe, tungoje kidogo."

"Nilisema tabia. Sikusema kamba. Mufungule."

Nikamfungua mimi. Fundo likanishinda mara mbili.

Baba akasimama katikati ya uwanja. Banza kasimama mbele yake, mikono nyuma.

"Haunisalimie, mukwe?"

Wakuu, fikirieni mume wangu pale. Asipomsalimu, amemtukana baba wa mkewe mara ya pili, nyumbani kwake. Akimsalimu na mbwa akaruka, mzee anatoka hapo moja kwa moja kwa polisi. Alinitazama. Nikamwitikia kwa kichwa, ingawa mimi mwenyewe sikuwa na uhakika wowote.

Akachuchumaa. Akainamisha kichwa. Akapiga makofi, na wala hakuyapunguza.

Kastori akasimama. Akamtazama Banza, akamtazama baba. Manyoya ya mgongo yakainuka kidogo, niliyaona.

Kisha akageuka, akaenda guniani, akalala.

Baba alimtazama mbwa muda mrefu. Halafu akafanya jambo ambalo sikuwahi kuliona na sijaliona tena. Akamgeukia mkwe wake, akampigia makofi mawili makubwa, akimkazia macho. Mzee mzima, anampigia makofi kijana aliyemwoa binti yake.

Mbwa akainua kichwa. Akakirudisha chini.

"Nilitaka kuona kama itakurukia na weye," baba akasema.

Banza bado alikuwa amechuchumaa, hajui aamke au abaki. Baba akaketi kwenye kiti, akanyoosha mkono wake wenye uzi mweusi.

"Muyipatie samaki yake. Inangoja."

Nikaenda jikoni kuchukua samaki, nikakaa huko kidogo. Nililia tena, safari hii kilio kizuri. Uzito wa miezi yote ile ulinitoka nikauhisi ukitoka.

Kastori tuliyemchukua kwa muda tulikaa naye hadi alipokufa kwa uzee. Wa kumchukua hakuja, na baada ya siku ile sikumtafuta. Hakumgusa mtu tena.

Nilichojifunza mimi: mbwa wako anaweza kuwa hana ubaya wowote, anafanya tu kazi aliyopewa na mtu ambaye ameshaondoka. Kwa hiyo wewe ndugu uliyeandika juzi, kabla hujammaliza, kaa naye siku chache. Usiangalie anavyouma. Angalia kilichotokea kabla hajauma, sauti, kofia, fimbo, chochote. Kisha uje utuambie humu.

Na wengine mliokaa na mbwa wa namna hii, semeni yenu, hata kama mlishindwa. Nasoma zote, kujibu ndio nachelewa.

Banza ameshatangulia. Hadi siku zake za mwisho, akiulizwa na wageni alifanya nini cha maana maishani, hakutaja reli wala watoto. Alisema, baba mukwe alinipigia makofi.