Nilivyomzuia binti yangu kuja nyumbani kwa kuogopa viwango vipya vya kodi

Wakuu, siku ile Mama Kiprono aliponiambia, "Mzee Kamau, wewe ndiye umesoma, tufafanulie hii sheria ya kodi," nilipaswa kujibu maneno matatu tu: "Mama, mimi sijui."

Badala yake nikavaa miwani.

Nawasalimu kutoka Rongai, hii yetu ya barabara ya Eldoret, si ile ya karibu na Nairobi. Nimepita miaka sabini. Haya ninayoandika yalinipata mimi mwenyewe, na mke wangu ameketi hapa kando anachungulia simu, kwa hivyo hata nikitaka kutia chumvi hataniruhusu.

Sasa niwaeleze kwa nini niliulizwa mimi.

Hapa kwetu kuna kikundi cha wazazi wenye watoto ng'ambo. Tunakutana Jumapili moja kila mwezi baada ya kanisa, tunakunywa chai, tunaonyeshana picha za theluji, na kila mmoja anajifanya anaelewa kazi anayofanya mtoto wake. Mwenyekiti ni Mama Kiprono, muuza nafaka, na kijana wake yuko Canada.

Mimi nilimaliza form four, halafu nikafanya kazi ya stoo miaka mingi kwenye shamba la ngano na viazi kule Mau Narok. Barua yoyote ya serikali ikiingia kijijini, inaletwa kwangu. Nilikuwa nimezoea hiyo heshima, wakuu. Heshima ni kama sukari kwenye chai, ukizoea vijiko vitatu huwezi kurudi kimoja.

Siku hiyo mtu alikuwa ametuma kwa group ya WhatsApp picha ya karatasi kuhusu kodi ya mapato. Mama Kiprono akaiprint pale cyber. Ilisema viwango vimebadilishwa, na kwamba kuna madaraja mapya juu kabisa kwa wenye mishahara mikubwa. Halafu ikasema Mkenya anayefanya kazi nje, kama ana makao ya kudumu hapa nchini, akikanyaga hapa hata siku moja katika mwaka anaweza kuhesabiwa kama mkazi, na ule mshahara wa huko nje uguswe.

Basi nikasimama nikafundisha.

"Nyinyi mnajua kuchambua viazi," nikawaambia. "Vidogo kando, vya katikati kando, vikubwa kando. Sasa mshahara wa mtoto ukifikia daraja la vikubwa, gunia lote linahesabiwa ni vikubwa. Wanalikata lote kwa kiwango cha juu."

"Gunia lote?" mzee mmoja akauliza.

"Lote."

Watu wakaguna. Nikaketi nikiwa nimejaa kama puto.

Tatizo ni kwamba mimi pia nina mtoto nje. Binti yangu Shiro ni nesi Ujerumani. Mwaka huo alikuwa amejifungua mtoto wa kiume, na kwa kuwa hajaolewa, jina lilitoka upande wetu. Mtoto akaitwa Kamau, yaani mimi. Walikuwa waje Desemba, kijana akiwa na miezi mitano.

Nikampigia.

"Baba, tiketi nimeshaiangalia," akasema kwa furaha.

"Usikate."

"Kwa nini?"

"Una nyumba hapa. Ukikanyaga tu, wamekumaliza. Mshahara wote."

"Nyumba gani, baba? Ile haina hata paa!"

Hapo ndipo akili yangu ikapata wazimu wa pili.

Shiro alikuwa anajijengea nyumba ndogo hapa bomani, na mimi ndiye nilikuwa nasimamia. Kuta zilikuwa zimefika juu, mbao na mabati yako stoo, fundi anangoja simu. Nikafikiri hivi: nyumba isiyo na paa si makao ya kudumu. Hakuna mtu anaweza kuishi humo. Basi tusiezeke! Fundi nikamwambia apumzike kwanza.

Hata hivyo nikaona kuta zinaonekana kutoka barabarani na mtu anaweza kusema ni nyumba. Nikamwambia Shiro angoje nithibitishe kwanza.

Kuthibitisha kwenyewe sikuthibitisha. Nakuru si mbali, na ofisi ya kodi naijua. Lakini nikienda kuuliza, si itajulikana kwamba sikuwa najua? Nikakaa kimya. Shiro ananiheshimu sana, akaahirisha.

Mvua zikaja. Nyumba ikaota majani, na mbegu za malenge zikaingia humo sijui kwa njia gani. Kufikia mwezi wa sita, sitting room ya Shiro ilikuwa shamba. Mke wangu anaenda kuvuna huko na sufuria, akirudi anatangaza:

"Baba Shiro, leo tunakula malenge ya bedroom. Ya sitting room yameisha."

Nikacheka. Tulicheka sana mwaka huo, siwezi kudanganya. Jioni Shiro anapiga video, tunaona mtoto akibingirika, akikaa, akimeza kidole. Siku moja simu ilikwama picha ikiwa imesimama, na iliporudi, Shiro huko Ujerumani analia kwa furaha: mtoto ametembea. Hatukuona. Tuliona uso wa Shiro tu na kona ya meza.

Desemba ya pili, Shiro akauliza tena. "Baba, ulithibitisha?"

"Bado wanaangalia," nikasema.

Nani alikuwa anaangalia, wakuu? Hakuna. Huo ulikuwa uongo, na niliusema kwa mtoto wangu mwenyewe.

Baada ya mwaka mpya mke wangu akaamka akavaa nguo za kanisa, na haikuwa Jumapili.

"Leo tunaenda Nakuru," akasema. "Wajina wako anaongea Kijerumani, na mimi sijamshika hata kidole. Leta hiyo karatasi."

Kwa kaunta tulimkuta dada mmoja mpole, rika la Shiro. "Karibu mzee, karibu mama." Nikamweleza yote, mpaka mambo ya viazi. Akaichukua karatasi yangu, akaigeuza nyuma, akaigeuza tena.

"Mzee, hii ni ukurasa wa kwanza. Zingine ziko wapi?"

Nikatazama viatu vyangu.

"Mjibu dada," mke wangu akasema.

"Hii ndiyo ilitumwa kwa WhatsApp."

Yule dada hakunicheka, Mungu ambariki. Akanieleza polepole. Kwanza, kodi ambayo Shiro ameshakatwa Ujerumani, akiwa na stakabadhi, inatolewa kwenye ile anayodaiwa hapa. Na huko wanakata kuliko sisi, kwa hivyo pengine hapa hatabaki na cha kulipa. Ajaze tu fomu yake ya return vizuri aeleze hali yake, maana kila mtu ana hali yake.

"Na kuhusu viazi," akasema, "si gunia lote, mzee. Ni vile vilivyozidi tu ndivyo vinahesabiwa kwa kiwango cha juu. Vidogo vinabaki kwa bei ya vidogo."

Mke wangu alicheka mpaka askari wa mlangoni akageuka. Halafu akamgeukia yule dada.

"Kwa hivyo angekuja tangu mwanzo?"

"Angekuja tu, mama."



Jumapili iliyofuata nilisimama mbele ya kikundi nikakiri kwamba niliwapotosha. Nikaomba msamaha kwa ajili ya watoto wote waliokosa kuja nyumbani kwa sababu yangu.

Mama Kiprono akaweka kikombe chini.

"Mzee, wangu alikuja, akanywa mursik, maziwa yetu ya kibuyu, mwezi mzima, akarudi. Wa hawa wengine pia walikuja. Tulienda tukauliza huko ofisini."

"Na hamkuniambia?"

"Tungekuambiaje? Tulikuona huezeki nyumba, tukadhani wewe unajua kitu sisi hatujui."

Yaani wakuu, katika Rongai nzima, mtu pekee aliyefuata ushauri wangu ni mimi.

Fundi aliitwa siku hiyo hiyo. Shiro alikuja mwezi wa nne, akakaa wiki tatu. Nilimwambia ukweli wote kabla hata hatujatoka uwanja wa ndege, kuhusu kile nilichoita kuthibitisha. Akanitazama, akasema, "Baba, ungesema tu hujui." Halafu akanikumbatia. Hajawahi kulitaja tena.

Kijana alimzoea cucu, yaani nyanya yake, siku ya pili. Mimi alinikwepa karibu wiki mbili. Alikuwa na jina ananiita kwa Kijerumani, na Shiro alikataa kunitafsiria mpaka nilipomlazimisha. Lilimaanisha "yule mtu". Tulicheka wote, hata mimi. Siku za mwisho alikuwa ananifuata zizini kuangalia ng'ombe, ananishika suruali, na mara moja akasema "guka", yaani babu, waziwazi kabisa. Nilimwaga maziwa.

Ninachowaambia wazee wenzangu ni hiki: ukiitwa msomi, usione haya kusema hujui, na karatasi ya serikali isome mpaka mwisho au mpelekee anayeijua. Na kama kuna mwenye mtoto nje aliyewahi kuchanganywa na haya mambo ya madaraja, aandike hapa chini ilikuwaje. Mkitaka kunicheka, chekeni pia, mke wangu atawasomea majibu kwa sauti.

Kodi ya ziada tuliyolipa ni sufuri. Ila mjukuu wangu aliota meno, akatembea, akasema neno lake la kwanza, na mimi sikuwa nimembeba hata mara moja. Miaka miwili ya kwanza ya Kamau, ndiyo niliyolipa.