Dishi Halikupanda Juu ya Paa Langu

Mume wangu alipofariki, kaka yake aliandika tangazo la kifo akalipeleka redioni. Lilisomwa mchana. Walitajwa ndugu wa Geita, wa Magu na wa Shinyanga, na mwisho likatajwa jina la binti yetu, "popote alipo." Waombolezaji waliojaa uani kwetu Buhongwa walitikisa vichwa kwa kuridhika. Nami niliridhika. Kwetu mtu akishatajwa redioni, amepata habari. Nilisahau kwamba binti yangu anasoma Ulaya, na kwamba redio yetu haifiki huko.

Wiki ya tatu ya msiba ikaja barua yake. Nilimpa wifi yangu anisomee, macho yangu yalikuwa yamevimba.

"Shikamoo baba, shikamoo mama," wifi akasoma. "Baba, mguu wako unaendeleaje?"

Akaikunja barua, akaniwekea mapajani.

Kwetu mjane hatoki nje ya ua kabla matanga hayajaanuliwa. Nililijua hilo tangu utoto. Nilijifunga kaniki yangu ya ujane, nikaishika ile barua iliyokuwa na namba ya simu ya bweni, nikatoka. Shemeji, yule aliyeandika tangazo, alikuwa amekaa karibu na mlango.

"Mama, unakwenda wapi?"

"Mjini, kupiga simu."

"Watu watakusema."

"Waseme. Mtoto anamsalimia marehemu."

Mjini, kwenye jumba la simu, unaandikisha namba, unangoja kuitwa, kisha unaingia kwenye kibanda cha kioo. Nilingoja muda mrefu, watu wakiitazama kaniki yangu. Nilipompata nilimwambia moja kwa moja, kwa sababu sikujua njia nyingine. Alipiga ukelele mmoja, halafu akaanza kulia. Nyuma yangu mwanamume mmoja akagonga kioo kwa funguo.

"Mama, na sisi tuna shida zetu!"

Dakika zikaisha. Laini ikakatika mtoto akiwa katikati ya kilio. Nilirudi Buhongwa na kilio ambacho hakijaisha, na njiani nikaamua kwamba nyumba yangu itakuwa na chombo cha kuzungumza na mtoto wangu, asiwepo mtu wa kugonga kioo.

Matanga yalipoanuliwa, shemeji alikuja na fundi wa madishi. Miaka ile madishi ya televisheni yalikuwa yameanza kuota juu ya mapaa ya wenye uwezo, na shemeji alikwisha kuchagua pembe ya paa langu.

"Umesema unataka mawasiliano na mtoto," akaniambia. "Hili linakamata setilaiti. Utaiona hata nchi anayokaa."

"Na mpira je?" nikamuuliza.

"Na mpira pia," akajibu, na wifi akacheka mpaka akaziba mdomo kwa khanga.

Fundi alikuwa kijana mwenye adabu. Alinieleza kwamba pale mjini kuna ofisi za wageni zinazopata barua za kompyuta kupitia dishi kubwa, ile intaneti ambayo watu walianza kuizungumzia, na kwamba siku moja majumbani nako itafika. Nilimsikiliza mpaka mwisho. Mimi niliishia darasa la saba, lakini kuuliza najua.

"Mwanangu, hili unalotaka kulifunga leo, nikilia hapa, yeye atasikia?"

Alimtazama shemeji, akanitazama mimi.

"Hapana, mama. Hili linapokea tu."

"Na zile barua za kompyuta?"

"Kwa mtu wa nyumbani, dishi linaweza kuleta. Kupeleka, bado utahitaji laini ya simu."

"Kumbe hata dishi lenyewe linaomba simu!"

Shemeji akasema mimi ni mbishi. Akasema nguzo za simu zimeishia kule kwenye ghala la pamba barabarani, nitazeeka nikingoja. Akanikumbusha simu za mkononi, lakini aliyekuwa nayo mtaani kwetu alikuwa anapanda juu ya mwamba kutafuta mtandao, na mimi magoti yangu si ya miamba. Kulikuwa na simu ya upepo kule parokiani, ila ukizungumza humo kila parokia ya ziwani inakusikia, na unangoja mwenzako amalize ndipo ujibu. Kilio hakingoji zamu.

"Nyumba hii imesikiliza redio vya kutosha," nikawaambia. "Redio ilitusemea, tukaridhika. Dishi halipandi juu ya paa langu."

Fundi aliondoka na dishi lake. Shemeji alikaa miezi bila kuja.

Kwenye ofisi ya simu walinijibu kama shemeji: nguzo hakuna. Nikauliza, nikichimba mashimo mwenyewe? Karani alicheka. Wiki iliyofuata nilirudi. Na nyingine. Nilikuwa nakaa kwenye benchi lao na kaniki yangu bila kusema neno, na nadhani hilo ndilo lililowashinda. Waliposema nguzo zitaletwa, nilishika jembe na sururu. Ardhi ya kwetu ni mawe. Shimo moja lilinilia siku mbili. Shimo la mwisho nilimkuta shemeji ameshaanza kulichimba. Nikashika sururu upande wa pili.

Sitadanganya. Laini waliyonivutia, mvua ikinyesha, ilikoroma kama mgonjwa, na mara nyingine ilikufa wiki nzima. Na picha za kwenye dishi nilizipenda. Nilikwenda kuzitazama kwa jirani, na shemeji akinikuta huko alinicheka wazi.

Lakini simu ilipolia mara ya kwanza ilikuwa asubuhi ya Jumapili. Nilikuwa nimemwandikia binti yangu namba, na alikuwa ameingoja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Nikasikia pumzi yake.

"Mama, siku ile sikumaliza."

"Najua. Maliza."

Akalia. Nilivuta kigoda nikakaa chini ya simu ya ukutani, ile kamba yake ikiwa imenyooka mpaka mwisho. Alilia mpaka akachoka, akauliza baba yake alisema nini mwishoni, nikamwambia ukweli kwamba hakusema kitu, aliomba maji tu. Akalia tena. Mlango wangu ulikuwa wazi, na hakuna aliyeugonga.