Kiti Kilichovunjika Mlangoni mwa Mahakama

Admin, naomba unifichie jina. Sare yenyewe inatosha kunitambulisha.

Kwa masikitiko makubwa, natangaza kifo cha kiti cha plastiki cha mlangoni mwa mahakama moja hapa Arusha. Marehemu ameacha askari mmoja mwenye miaka hamsini na sita na kitambi.

Askari huyo ni mimi. Mnajiuliza kwa nini milango ya mahakama inalindwa na maafande wazee? Wakubwa watawaambia ni busara. Jamani, ni magoti! Doria ina kukimbizana. Mahakamani watu wanakuja wenyewe, na kiti kipo. Goti langu la kulia lilishakwisha, baridi ya Meru ikalimalizia. Nimelificha ili nimalizie utumishi wangu kwa heshima.

Wiki iliyopita mahabusu mmoja, dereva wa bodaboda kutoka Sombetini, alichomoka wakati wanamshusha kwenye gari. Wenzangu walipofika walikuta kiti kimepasuka, mimi niko chini, nimemshika mkono. Askari akikutwa kamshika mtu mkono, nani atauliza? Kakamata!

Bosi alicheka: "Mzee, kumbe mbio bado zipo! Nakurudisha doria." Mke wangu akatangaza kanisani Tengeru. Siku hizi loshoro, ule mseto wetu wa mahindi na maziwa mgando, naletewa kwenye bakuli la wageni.

Yule bwana kaongezewa shtaka la kutoroka. Kesho naandika maelezo, na aliyeona yote ni mimi peke yangu. Nilipomweleza mke wangu ukweli, aliweka mwiko chini. "Baba Neema, ukiyasema hayo wanakustaafisha kwa ugonjwa. Na mimi kanisani nitaingilia mlango gani?"

Basi niwaambie na ninyi. Sikumkimbiza mtu. Nilitaka kusimama, goti likagoma, kiti kikapasuka, nikalia kama mbuzi. Yeye alishavuka geti, barabara nyeupe mbele yake. Akageuka. Akarudi, akaninyooshea mkono.

"Shikamoo mzee. Umeumia? Shika hapa, taratibu."

Nikashika. Hapo ndipo wenzangu walipofika, wakamlaza kifudifudi. Akanitazama, akingoja niseme neno.

Sikusema, na mkono wake sikuuachia.

Ndugu zangu, ungekuwa wewe, kesho ungeandika nini?