Gauni la Kompyuta

Fundi Presha alikuwa na ugonjwa mmoja usiotibika hospitalini: hajawahi kukutana na kitu kibovu akasema "sijui." Kazi yake ilikuwa mabomba. Mtaa mzima hapakuwa na sinki, koki wala choo ambacho hakijaonja spana yake, na elimu yake yote aliipatia humo humo kwenye mabomba, kwamba duniani kuna mambo mawili tu: kitu kinapita, au hakipiti. Kisipopita, tatizo ni presha. Redio ikikwaruza, presha. Kuku akikataa kutaga, presha. Mama mkwe wake alipoumwa goti alielezwa kwa kirefu habari za presha ya goti, na yule bibi, ambaye hakufurahia kukaguliwa na mtu mwenye spana mfukoni, alitangaza kuwa amepona kabla maelezo hayajaisha.

Mtu wa namna hiyo ukimkabidhi kompyuta, umempa kichaa rungu.

Kompyuta yenyewe ilikuwa ya binti wa fundi na mkewe, nayo ilikuwa imekula chumvi nyingi. Kasha zito jeusi, limekaa mezani pembeni ya sebule karibu na kioo chake. Ukiiwasha ungeweza kwenda kuoga, ukarudi, ukajipaka mafuta, ukachana nywele, ukaikuta bado inawaza. Binti alipokuja likizo aliwaletea flash yenye Linux, akasema huo ni mfumo mwepesi usio na mbwembwe, na mashine zilizozeeka huuchangamkia. Alipanga kuuweka mwenyewe, lakini chuo kikamwita mapema. Baba mtu akamwambia aende salama, asijali. Yeye aliyewahi kufunga tangi juu ya ghorofa huku ana mafua, leo ashindwe na kitu cha kutoshea mfuko wa shati?

Mambo yangeishia hapo kama ulimi ungekuwa na mfupa. Mahafali ya binti yalikuwa yamekaribia, Jumamosi mchana, na chuo kilikuwa mbali mno, wazazi wasingeweza kufika. Ila sherehe ingeonyeshwa moja kwa moja kwenye mtandao. Simu ya mama mtu kioo chake kilikuwa na ufa mrefu, kila aliyempigia kwa video alionekana ana kovu la panga. Ndipo kaka wa mkewe, shemeji mtu, muuza viatu mwenye runinga pana kama mlango wa ghala, akasema basi watu wote wakusanyike kwake.

Fundi Presha alihisi kama kapasukiwa na bomba usoni. Binti yake, aliyesomea uhandisi wa maji kwa kufuata nyayo za baba, atunukiwe shahada kwenye ukuta wa shemeji? Akajipiga kifua mbele ya mama mkwe: mtoto ataonekana nyumbani kwao, kwenye kompyuta yake mwenyewe, na picha itateleza kama kambare. Shemeji akacheka hadi akashika mbavu, akasema sawa, atakuja, ila runinga yake ataiacha imewashwa. Huenda watu wakahitaji pa kukimbilia.

Mkewe yeye akaenda zake chumbani. Alichukua uzi na sindano yake ya kufuma.

Mama huyu alifuma kupita mahitaji ya dunia. Makochi yake yalivaa, meza zilivaa, redio ilivaa, jagi la maji lilikuwa na kofia yenye shanga. Aliposikia wageni wanakuja kuitazama kompyuta, aliona haya kasha lile likae uchi mbele ya mama yake. Akalipima kwa futi ya fundi cherehani, mabega na kiuno, akalifumia gauni: zito, rangi ya maziwa, lenye maua ya waridi kifuani, na katikati ya ua kubwa herufi ya kwanza ya jina la binti yao. Aliacha tundu la kitufe cha kuwashia na mpasuo nyuma wa kupitishia nyaya. Kwingine kote lilibana, hata kidole hakipiti. Fundi akalizunguka huku na huku, akasema mtaa mzima hakuna kompyuta iliyovaa kuishinda hii. Hilo lilikuwa kweli tupu. Paka wa nyumba, ambaye miaka yote alimwona fundi kama mpangaji asiyelipa, alipanda juu ya gauni siku hiyo hiyo, akajikunja, na tangu hapo akawa anashuka kula tu.

Kazi ikaanza. Fundi akachomeka ile flash, akafuata maelekezo aliyoachiwa na binti, na ule mstari wa kuonyesha kazi imefika wapi ukaanza kukimbia. Alimwita mkewe kutoka jikoni aje ashuhudie. Mke alipofika, mstari ukasimama. Ukasogea kidogo, ukapumzika, ukasogea tena kama mzee anayepanda ngazi. Mvumilivu hula mbivu, akasema fundi. Mbivu iliiva jioni, wakati macho yake yameshakuwa mekundu kama yamepakwa pilipili.

Linux ikaingia, lakini ikaingia inachechemea. Kila asubuhi akiiwasha ilikuwa mbio. Kabla hajamaliza kikombe cha chai, kipanya kilikuwa kinajikokota kwenye kioo na video zinakwama midomo wazi. Fundi alilitambua tatizo papo hapo. Maji ya bomba si yanatoka kwa nguvu alfajiri, kabla watu hawajaamka? Basi kuna mtu anavuta. Akavaa viatu, akaenda kwa jirani kumwomba kwa heshima asitumie kompyuta mchana. Jirani akamjibu kwa heshima vile vile kwamba hana kompyuta.

Bomba ni jembamba, basi. Akaenda dukani kwa vifaa vya mitumba, akanunua kijiti cha kuiongezea kompyuta kumbukumbu, ile RAM, akarudi akalipandisha gauni hadi mabegani, akakipachika, akalishusha gauni kwa adabu. Mkewe akalinyoosha mikunjo. Kompyuta ikakimbia kwa muda wa kumenya chungwa, ikarudia mwendo wake wa konokono. Akaondoa ule muonekano wenye madoido, akaweka mwepesi kuliko wote, vidirisha vya kijivu visivyo na kivuli wala mapambo. Mke akauliza kwa nini ameng'oa mapazia. Kabla hajajibiwa, kompyuta ilikuwa imesimama tena, na juu yake paka anakoroma.

Ijumaa mchana maji yalimfika shingoni. Akampigia binti simu, akijifanya anamsalimia tu. Binti akacheka, akamwambia afungue lile dirisha jeusi la kuandikia amri. Fundi aliandika kwa kidole kimoja, ulimi ukiwa nje, binti akimtajia herufi moja moja. Wakatazama kinachoielemea mashine: hakuna kitu. Wakaangalia diski: nzima. Kisha binti akamwambia aandike amri ya kupima joto.

"Inasema ngapi, baba?"

"Tisini na saba."

"Soma vizuri."

"Mwanangu, mimi namba za joto ndizo zinazonilisha. Tisini na saba. Hita ya hotelini huwa inajizima kabla ya hapo. Humu ndani unaweza kuchemsha yai."

Binti akamweleza kwamba mashine ikipata joto kali hujipunguzia mwendo yenyewe isije ikaungua. Ndiyo maana asubuhi inakimbia, ikishapata moto inatambaa. Feni ipo, lakini lazima ivute hewa. Kuna kitu kimeiziba?

Fundi akaitazama kompyuta. Kompyuta ikamtazama, imependeza, maua kifuani. Paka akafumbua jicho moja.

"Baba? Kuna kitu?"

"Mama yako anaingia," akanong'ona, akakata simu.

Mkewe alipotoka kwenda dukani, fundi aliliinua gauni taratibu. Paka aliporomoka akamlaani. Fundi akapuliza vumbi kwa pampu ya baiskeli, akaiacha kompyuta ipoe, akaiwasha, na kwa mara ya kwanza akaona kile alichozoea kukisikia tu kwa watu: video zinatiririka, madirisha yanafunguka kabla hujamaliza kubofya. Alicheza peke yake sebuleni, spana mkononi, akazunguka meza mara kadhaa na kumshika paka mikono ya mbele wacheze wote. Paka alikataa.

Halafu akaketi, furaha ikamtoka kama hewa. Atamwambiaje mama watoto? Mwanamke kafuma hadi vidole vimeota sugu, ua na herufi ya mtoto wao, na majirani wote wameshaitwa kuliona. Amwambie kwamba mchawi ni gauni? Kuzibua choo cha watu mia ni rahisi kuliko hilo. Akalivisha tena, akaamua kwamba kesho atalivua kimyakimya wakati wageni wanaingia, akisema analilinda lisimwagikiwe soda.

Na ndivyo alivyofanya. Sherehe ikaanza vizuri, picha ikateleza kama kambare aliyeahidiwa, na fundi akatoka uani kuleta viti, shingo ndefu kama ya jogoo. Huku nyuma mkewe akaliona kasha li uchi mbele ya mama yake. Alikimbilia gauni kama mtu anayemrushia taulo aliyefunguliwa mlango wa bafuni. Fundi aliporudi na viti, kasha lilikuwa limeshavaa, na paka yuko kwenye kiti cha enzi.

Hotuba ya kwanza ilipita. Ya pili, sauti ya mkuu wa chuo ikaanza kumtangulia mdomo. Kisha mkuu wa chuo akaganda mkono juu kama anayeomba ruhusa ya kutoka.

"Shemeji," akasema muuza viatu, "huyu bwana mbona amekuwa sanamu? Au ndiyo presha?"

Watu wakacheka. Akachomoa funguo za gari, akazichezesha. Kwake ni hapo tu, akasema, na majina ya wahandisi yanakaribia, wakiondoka sasa watamwahi. Mama mkwe akaivuta fimbo yake. Mke wa fundi akasimama, akamtazama mumewe, na machoni mwake hamkuwa na kejeli hata kidogo. Alitaka tu kumwona mwanawe.

Fundi Presha akakaza mshipi.

"Mama watoto, gauni umelifuma zuri kushinda suti yangu ya harusi. Lakini mtoto ana homa, na sisi tumemfunika blanketi."

Mke akaitazama kompyuta, akamtazama paka. Akamsogeza paka, akaweka kiganja juu ya gauni kama anayepima paji la uso la mtoto, akakiondoa haraka.

"Tangu lini unajua?"

"Jana."

"Na kwa nini hukuniambia?"

"Sijui," akasema Fundi Presha.

Mama mkwe aliiangusha fimbo. Tangu amjue mkwewe, hakuwahi kulisikia neno hilo likitoka kinywani mwake. Mke akamtazama kitambo, mdomo ukaanza kumcheza, kisha akacheka kicheko cha tumboni, akalishika gauni kwa mikono miwili na kulivua kwa mpigo mmoja. Hakuliweka chini. Alianza kuipepea nalo kompyuta. Mama mkwe akamwamuru mwanawe aache kuchezea funguo avue kofia, naye muuza viatu akajikuta amepiga magoti mbele ya kompyuta ya shemeji yake, anapepea kwa kofia, jasho linamtiririka, huku bibi akimhimiza aongeze kasi.

Mkuu wa chuo akashusha mkono. Mdomo na sauti vikakutana. Jina likaitwa, na binti akatokea jukwaani, joho linaburuzika, kofia imemwangukia nyusi, akapokea shahada kwa mkono wa kushoto badala ya wa kulia, akacheka. Kioo kizima kilikuwa yeye tu, hana kovu lolote. Vigelegele vya mama yake vilimfanya paka ahamie chini ya kochi. Fundi alisema jicho lake limeingiwa na vumbi la pampu.

Gauni, kwa kuwa halikuwa na mwili tena, mke alifikiri alifumue. Fundi akamzuia kwa ukarimu ambao haujawahi kuonekana katika nyumba ile. Uzuri ule upotee? Kaka yake amepepea hadi mabega yanamuuma, basi apewe zawadi, akakivishe kile king'amuzi cha runinga yake kubwa. Mke akamfinya paja, lakini akalipunguza kiuno, akalipeleka.

Haikuchukua muda mrefu simu ikaita. Shemeji alikuwa mpole kupita kawaida. Akasalimia, akauliza afya ya watu wote, mwishowe akatoa la moyoni: runinga yake siku hizi, ikishawaka kidogo, picha inakwama midomo wazi.

Fundi Presha akajinyoosha kwenye kochi, akaweka miguu juu ya meza.

"Niambie kitu kimoja tu, shemeji. Juu ya king'amuzi, kuna paka?"

"Umejuaje?"

"Presha hiyo," akasema Fundi Presha. "Nakuja na spana."