Benzi la Swaliki na Ng'ombe wa Kulimia

Swaliki wa Busia, upande wa Uganda, alikuwa na lori. Lilikuwa bovu la sura lakini lina adabu: ulipakie mihogo Masafu, litakufikisha Tororo, ulipakie chumvi Tororo, litarudi bila kununa. Lilimlisha yeye na mkewe Rehemah, likamwozesha na binti yao Fauziya kule Mbale. Sasa niambieni, mtu mwenye lori la namna hiyo anatafuta nini tena? Swaliki alitafuta Benzi. Wahindi walipofukuzwa nchini magari yao yalibaki yakipita mkono kwa mkono, na moja, jeusi, lenye viti vya ngozi, likaishia kwa mfanyabiashara wa Tororo aliyekuwa amelichoka. Swaliki akatoa lori, akapewa Benzi. Kila mmoja akaondoka akimcheka mwenzake moyoni, na ni mmoja tu aliyekuwa na sababu.

Mwezi wa kwanza ulikuwa mtamu, tusimnyime haki yake. Alivaa suti kwenda sokoni kununua dagaa. Watu wakamwita Mafuta Mingi, kama walivyoitwa matajiri wote wapya wa siku zile, naye akaitika. Alipopita mbele ya nyumba ya mkwewe, Hajji Mutwalibu, kule Masafu, alipiga honi mpaka mzee akatoka na birika la udhu mkononi kuangalia kuna nini.

Kisha Benzi likaanza kudai haki zake. Mkanda wa feni ukakatika, na mkanda mwingine haupatikani Busia, haupatikani Tororo, na kule Kenya unapatikana kwa mtu anayemjua mtu. Swaliki akafunga leso ya Rehemah, tena ile ya sikukuu ya Idi. Mafuta ya breki yakaisha, akatia maji ya sabuni. Alipokanyaga breki, povu likatoka na gari likaendelea na safari. Magurudumu yakachakaa, akayajaza nyasi kavu, na mbuzi wa jirani wakawa wanalifuata gari lile kwa mapenzi. Lori halipo, kwa hiyo biashara haipo. Chakula kikawa mihogo bila mboga, lakini Benzi linang'arishwa kila asubuhi.

Haya yote Rehemah aliyavumilia. Lililomshinda ni hofu ya mumewe kwa wanajeshi. Enzi zile mwanajeshi akilipenda gari lako, ulilitoa ukatabasamu, na ukishindwa kutabasamu ulikwenda nalo. Swaliki akakosa usingizi. Mwishowe alibomoa ukuta wa mbele wa nyumba yake mwenyewe, akaliingiza Benzi sebuleni, akatundika mkeka mahali pa ukuta. Kitanda kikatolewa kwenda bandani kwa kuku, maana pua ya gari ilifika chumbani. Wageni walikaribishwa kwenye kiti cha nyuma na kupewa chai kupitia dirishani. Sheikh alipokuja kumjulia hali, alinyweshwa uji humo humo akiwa na viatu mkononi, kwa sababu Swaliki hakutaka zulia la gari lichafuke.

"Baba Fauziya," Rehemah akamwambia siku ile, akiwa ameshika kapu la nguo, "mimi sikuolewa nije kuwa mke mwenza wa gari. Tena mke mdogo."

Akaenda zake kwa babake, Masafu.

Swaliki alijidai hajali. Alikaa ndani ya Benzi sebuleni, akashika usukani, akasema heri utulivu. Utulivu ule ukamla. Alizoea kugombezwa asubuhi kabla ya chai, na sasa hakuna wa kumgombeza wala wa kupika chai. Alimtaka mkewe, jamani, alimtaka mpaka akawa anaongea na leso iliyofungwa kwenye injini. Akatuma wazee kuomba radhi. Wakarudi na jibu la Hajji: "Amekuwa akipita mlangoni kwangu na gari, ananipigia honi kama mimi ni ng'ombe barabarani. Vizuri. Aje amchukue mwanangu kwa gari hilo hilo, watu waone. Akija kwa miguu au kwa baiskeli, ajue Rehemah ameshafika kwao, hatoki."

Ilikuwa mwaka wa sabini na sita, Kenya ilipofunga mafuta yasiingie Uganda. Busia nzima hapakuwa na petroli ya kutosha kuua chawa. Swaliki alizunguka na kibuyu cha plastiki mpaka watu wakadhani anauza maziwa. Ndipo akamkumbuka Bartholomew Opio, mtu wa Mwello upande wa Tororo, Mjapadhola mwenye ng'ombe wawili wenye nguvu, aliyekuwa kijiji cha jirani cha Sikuda msimu ule akiwalimia watu mashamba.

Opio alilizunguka Benzi akikuna kidevu, akasema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza: "Mzee Swaliki, ng'ombe yangu navuta jembe. Hii kitu si jembe."

"Ina magurudumu, ndugu yangu. Ni rahisi kuliko jembe."

"Mimi sikatai. Lakini hawa nafundishwa shamba."

Swaliki hakuuliza maana ya maneno hayo. Angeuliza, ningekuwa nimemaliza hadithi.

Wakafunga mnyororo wa jembe kwenye Benzi, nira ikakaa shingoni, na alfajiri wakaondoka. Swaliki alikuwa ndani na suti yake, anashika usukani. Opio pembeni na fimbo. Mambo yakaenda uzuri kwa urefu wa shamba moja. Hapo ng'ombe wakasimama, wakageuka wote wawili kwa nidhamu, na kurudi Busia.

"Opio! Wanakwenda wapi?"

"Namaliza mstari," Opio akasema. "Sasa naanza mwingine."

Ndiyo hivyo. Ng'ombe wa kulimia hajui safari. Anajua kwenda mpaka mwisho wa shamba na kurudi. Wenye mikokoteni hufundisha ng'ombe wao tangu udogo kunyoosha njia, lakini Swaliki, mtu wa mjini, alidhani ng'ombe ni ng'ombe. Ikabidi kila wakifika mwisho wa shamba lao la kichwani, Opio awawahi mbele, awafungue, awape nyasi, awabembeleze kwa Kidhopadhola, lugha ya kwao, kisha awafunge upya wadhani ni shamba la mtu mwingine. Walilima njia nzima kwa mtindo huo. Walifika Masafu watu wanatoka kuswali adhuhuri.

Hajji Mutwalibu akatoka na kanzu yake. Akatazama ng'ombe, akatazama gari, akamtazama mkwewe aliyelowa jasho ndani ya suti.

"Nilisema uje na gari," akasema. "Sikusema gari lije na nini. Mchukue."

Rehemah akatoka amevaa gomesi ya manjano, akapanda kiti cha nyuma bila kumsalimia mtu. Majirani wakapiga vigelegele. Benzi likaondoka taratibu, likafika kwenye shina la mgomba la jirani wa mbali, likageuka, likamrudisha Rehemah mlangoni kwa babake. Vigelegele vikapigwa tena, maana watu walidhani ndiyo heshima yenyewe. Likaondoka, likarudi. Mara ya tatu hakuna aliyepiga kitu.

"Swaliki," Hajji akauliza kwa upole, "unamchukua au unamleta?"

Opio alikuwa amechoka, nyasi zimekwisha, na ng'ombe wameshajua ujanja wake. Swaliki aliegemeza paji la uso kwenye usukani, akaona kweli mke anampotea mbele ya macho yake. Rehemah akafungua mlango. Akashuka, akakunja gomesi yake, akashika kamba ya ng'ombe na kutembea mbele yao kuelekea Busia. Na wale ng'ombe, wakiona mtu yuko mbele, wakamfuata moja kwa moja. Kumbe walitaka kuongozwa tu. Kwa hiyo ndivyo msafara ulivyokwenda: mwanamke mbele na kamba, Opio pembeni, na Mafuta Mingi ndani, amekaa.

Karibu na Busia kulikuwa na kizuizi cha wanajeshi ambacho alfajiri hakikuwapo. Swaliki akawaona. Mwaka mzima amelificha gari, amebomoa nyumba, amefukuza mke kwa ajili yake, na leo amewaletea hadi miguuni. Koplo mmoja akaja. Akachungulia gurudumu, akachomoa unyasi, akautazama. Akafungua boneti, akaiona leso ya Idi. Akafunga boneti.

"Pita," akasema.

Hapo mtu mwenye akili angepita. Lakini Swaliki, badala ya kumshukuru Mungu, alijisikia ametukanwa.

"Afande, hili ni Benzi."

"Naona."

"Viti ni ngozi. Kaa kidogo ujaribu."

"Mzee," koplo akasema, "hii kwa kambi iko tatu. Kuku nataga ndani. Hakuna mafuta, hakuna spea, nafanya nini nayo?" Kisha akamwona Rehemah, vumbi mpaka magotini, kamba begani. "Huyu ni bibi yako? Yeye navuta, wewe nakaa? Toka inje. Mama, panda. Wewe, shika kamba."

Swaliki akashuka na Rehemah akaketi kwenye usukani. Mumewe akashika kamba, akatembea mbele ya ng'ombe kuingia mjini, na watu wa Busia wakatoka madukani kutazama. Aibu ilimchoma, naam. Lakini kila alipogeuka nyuma kuhakikisha ng'ombe wanakuja, alimwona mkewe kupitia kioo, gomesi ya manjano, mgongo umenyooka, amenuna kwa heshima. Tangu alipolipata gari lile hakuwahi kulitazama kwa mbele likitembea na mtu ndani. Wala hakuwa amemtazama Rehemah kwa siku nyingi, tusidanganyane.

Walipofika nyumbani ng'ombe wakaelekea kwenye mkeka. Swaliki akawazuia.

"Acha hapo," akamwambia Opio. "Litalala nje."

"Wakiliiba?" Rehemah akauliza kutoka kwenye usukani.

"Nani analitaka? Umesikia mwenyewe." Akamsogelea dirishani. "Mama Fauziya, nimekosa. Rudi ndani. Kitanda nakirudisha sasa hivi."

Rehemah akaachia usukani. Kisha akafungua mlango.

"Kirudishe," akasema. "Mimi nitalala ndani. Wewe na mwenzangu mtalala wote nje, mpaka nitakapowaita, na nitakapoita sitamwita yeye."

Swaliki akakimbilia bandani kufukuza kuku kitandani.