Risasi Zetu za Karatasi

Enzi zetu risasi hazikutoka kwenye kioo cha simu. Zilitengenezwa kwa mikono, na katika mtaa wetu mzima wa Ndia Kuu aliyejua kuzitengeneza ni mimi. Nasema bila haya. Wenzangu niliokua nao, ambao leo wana mvi na meno ya kubandika, wakisoma hapa watakubali, wapende wasipende.

Kwa ambao hawakubahatika kuzaliwa mapema, nieleze. Gobori letu lilikuwa kipande cha mwanzi, wazi pande zote mbili. Unatia risasi ya karatasi iliyoloweshwa, unaisukuma mpaka mdomoni kwa mdeki, yaani kijiti cha kushindilia. Kisha unatia ya pili kwa nyuma na kuisukuma kwa nguvu, na pumzi iliyobanwa katikati huitoa ile ya mbele kwa kishindo. Ikikupata shingoni utaruka, lakini haizidi kibao cha shangazi.

Kiwanda changu kilikuwa uani, kwenye meza ya kazi ya baba yangu, fundi seremala, Mungu amrehemu. Meza ile ilinuka gundi na vumbi la mvule, na kwenye pembe yake palikuwa na jiriwa la chuma la kubania mbao, ambalo sisi watoto tuliliogopa kwa kuwa lilikwisha kumla baba ukucha. Aliniruhusu kukaa ncha ya meza kwa sharti moja. Alikuwa akisema, "Chombo ukikitwaa ukirejeshe palepale. Ukikivunja, futari utakula kwa jirani." Sikuwahi kula kwa jirani.

Karatasi nilizichagua kama mama alivyochagua mchele. Ya gazeti ilikuwa rahisi kupatikana lakini ikilowa hukatika. Ya kufungia bajia ina mafuta, haishikani hata uifanye nini. Bora kuliko zote ilikuwa ya daftari la shule. Niliilowesha tangu asubuhi, nikaikamua, nikaifinyanga viganjani, kisha nikaipitisha kwenye tundu la ubao alilonitobolea baba, tundu lenye upana uleule wa mwanzi. Isiyopita ilirudi ndooni. Vita vikimalizika tuliokota risasi zote, zetu na za adui, tukazifumua, tukazilowesha tena. Ya mara ya pili ilikuwa nzuri kuliko mpya, maana karatasi ilikwisha kulainika.

Wengine walikuwa wakitafuna karatasi mdomoni. Mwezi wa Ramadhani ukiingia, basi, viwanda vyao vilifungwa, kwa kuwa hakuna aliyetaka kuharibu saumu kwa ajili ya ukurasa wa hesabu. Hapo ndipo kaka yangu Athmani, ambaye miezi yote mingine alinifukuza nikacheze na wasichana wenzangu, aliponijia na maneno matamu. Aliniweka mwanajeshi. Si mtunza ghala tu, bali mwanajeshi kamili, mwenye gobori langu. Hamjui nilivyotembea na gobori lile. Nilikuwa nikitumwa chumvi naenda nalo.

Alasiri za Ramadhani zilikuwa ndefu, na vita ndivyo vilivyozifupisha. Tumbo linanguruma, jikoni mbaazi za nazi zinachemka, mahamri yanafura chini ya kitambaa, na sisi tunakimbizana vichochoroni. Adui zetu walikuwa watoto wa mtaa wa Kibokoni, chini ya Twahiri, mvulana mrefu mwenye majivuno, ambaye hata kofia aliivaa upande. Mwaka ninaousema tulikubaliana kwamba mshindi wa siku ya mwisho atauchukua uwanja mdogo wa nyuma ya ghala kwa sikukuu nzima ya Idi. Sheria ilikuwa moja tu. Watakaoweka silaha chini kabla ya adhana ya magharibi wameshindwa.

Asubuhi ya siku hiyo ya mwisho Athmani alinikalisha chini akaniambia mbele ya wote, "Tukishindwa yeo, wewe urudi ukapike vyungu na wenzio." Wavulana wakacheka.  Nilirudi uani nikafinyanga risasi mpaka vidole vikakunjamana.

Tuliwapiga, jamani. Niwe mkweli, tuliwapiga vibaya. Alasiri haijamalizika tulikwisha kuwasukuma mpaka kwenye kona ya mwisho ya kichochoro chao, na risasi zao zilikuwa zikipungua. Zetu pia zilipungua, basi nikainama kuokota zao nilizozikuta chini ili nizifumue na kuzifinyanga upya. Niliifungua moja. Karatasi ilikuwa ya manjano, nene, na ndani yake palikuwa na herufi za Kiarabu zenye irabu zake zote. Nikaisoma, kwani kwenye chuo cha Kurani nilikuwa mwepesi. Lilikuwa jina la Mwenyezi Mungu.

Nikafungua ya pili, na ya tatu. Zilikuwa kurasa za juzuu kuukuu. Baadaye tulijua kwamba mdogo wake Twahiri alizitoa kwenye sanduku la makaratasi yaliyochakaa, hajui kusoma bado, akaona karatasi ni karatasi. Na tulikuwa tukizikanyaga. Zilitapakaa kichochoro kizima, chini ya nyayo zetu na zao.

Nilijua kitakachotokea nikisema. Nilimtazama Athmani, uso unang'aa kwa ushindi, nikautazama mwanzi wangu. Nilitaka sana kubaki mwanajeshi. Kisha nikaliweka gobori chini, mbele ya watu wote.

"Msisogeze miguu," nikasema. "Hizi zina jina la Mungu."

Twahiri alidhani ni hila. Nikamrushia moja aione? La, sikuweza kuirusha. Nilimwendea nikihesabu pa kukanyaga, nikampa mkononi. Aliisoma. Kisha akaivua kofia yake, ile aliyoivaa upande kwa maringo, akaigeuza, akaiweka risasi ya kwanza ndani yake. Hakuna aliyetoa amri. Magobori yalishuka moja moja na sote tukainama. Tulipekua ufa wa kila jiwe na mtaro wa kila mlango. Kazungu, Mgiriama muuza maji, Mkristo wa watu, aliingia na mkokoteni wake akaambiwa asubiri. Aliuliza mara moja tu kuna nini, kisha akainua magurudumu, akatoa mbili zilizokuwa chini yake, akazipangusa kwa shati.

Baba alizipokea akazipeleka msikitini, ambako makaratasi ya namna ile hukusanywa yazikwe mahali pasipokanyagwa. Aliporudi hakunisifu. Aliniongezea nafasi mezani, akalisogeza sanduku lake la misumari, akaendelea kupiga randa.

Msidhani dunia ilinilipa. Twahiri alidai sheria ni sheria, sisi ndio tuliotangulia kuweka silaha chini, na uwanja wakauchukua. Athmani naye hakusahau neno lake. Idi nzima nilipika vyungu vya mchanga na wenzangu, nimenuna, nguo mpya mwilini na kitafunio cha kachri mkononi. Nililia pia, na sikujuta. Aliponirudisha jeshini hakuomba radhi. Alinirudia kwa sababu risasi alizozitengeneza mwenyewe zilikuwa zikidondoka mdomoni mwa mwanzi kama mate ya mtoto.

Leo nina meza yangu mwenyewe na watu huniletea viti vyao vya mvule kutoka mji mzima. Mjukuu wangu anakaa ghorofani Ganjoni, na jeshi lake limo ndani ya simu. Ana bunduki ambazo hata serikali haina, na akiambiwa alete maji huomba dakika moja isiyokwisha. Juzi nilikaa naye nikamtazama akipigana na watu asiowajua majina. Alimimina risasi, zikagonga kuta, zikatoweka. Nikamuuliza zimekwenda wapi. Alinitazama kwa huruma.

"Haziendi popote, nyanya. Zaisha tu."

 Nilitamani kumshika mkono, nimsimamishe katika kichochoro kile cha Kibokoni, awaone watoto wa mitaa miwili wameinama, vichwa vinagongana, adhana inakaribia, na hakuna anayekumbuka tena nani alikuwa adui wa nani.